Cheti Kilichomo Kashani

Mwaka 2006 daktari wa Nizwa, huku Omani, alitwambia serikali itatulipia kupandikizwa mimba, lakini faili halifunguliwi bila ya cheti cha ndoa chenyewe, si kopi. Sindano na vipimo nilikuwa tayari kuvistahamili. Karatasi ile ndiyo iliyonitisha. Imo kwenye kasha la mama mkwe wangu, Bi Shukriya, pamoja na makaratasi yote tuliyotoka nayo Bujumbura, na ufunguo haumtoki kiunoni. Miaka tisa ananiita mgumba mbele za watu. Tukimwambia ni ya nini, mji mzima wa Ibra utajua kabla ya adhuhuri.

Mume wangu, Thani, aliingia chumbani kwa mama yake. Mimi nikamfuata, nikasimama ubavuni pake.

"Shikamoo mama. Nakitaka cheti cha ndoa."

"Cha nini?"

"Kuna jambo serikalini."

Bi Shukriya akanitazama, akatabasamu. Tangu niolewe hajapata kunichekea. Akafungua kasha upesi, akampa mwanawe karatasi kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi! Nilijua ipo siku utamwacha."

Thani akafungua kinywa kumjibu. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu mpaka akakifunga.