Chupa za Miezi Kumi na Minne

Kazini wananiita Bi Chupa, na kwa muda mrefu jina hilo lilinikera, maana mimi si muuza soda. Kwa miaka ishirini na minne, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, nimepanda boti ya kituo chetu cha utafiti, nikaenda hadi penye kina kirefu, nikashusha mtungi wa kuchotea mita mia mbili chini, nikapandisha maji yaliyo baridi kama ya friji, nikayatia kwenye chupa za kioo na kurudi nayo maabara kupima uchachu wake. Nimefanya hivyo nikiwa mjamzito. Nimefanya hivyo jino likiniuma, na mara moja siku mbili baada ya kumzika mama yangu. Nahodha wetu husema mimi ndiye mtu pekee anayemjua aliyetapika katika kila mwezi wa mwaka. Ni kweli, na sioni haya.

Anayeniuliza kwa nini mtu apime maji yaleyale miaka yote hiyo, namweleza hivi. Moshi wa magari na viwanda vya dunia nzima hauishii hewani. Karibu robo ya gesi yake huingia baharini na kuyaongezea maji uchachu. Huo si uchachu wa kuonja. Ukiyaonja utasikia chumvi tu. Mashine inasoma namba, na namba ikishuka ujue uchachu umepanda. Yetu hushuka kwa sehemu mbili za elfu kwa mwaka, kiasi kidogo mno hata mvua za msimu mmoja zinaweza kukificha. Matumbawe na konokono wa baharini, wanaojijengea nyumba za chokaa, wanauhisi mapema kuliko sisi. Lakini ili binadamu auone mteremko huo kwa macho, lazima awe na miaka mingi, tena isiyokatika. Ndiyo maana sikosi Jumanne.

Mwaka huu kikaja kitu tulichokingoja kwa hamu. Kuna kundi la wataalamu linalokusanya vipimo vya bahari zote za dunia kwenye kitabu kimoja, ili ionekane wazi bahari zimebadilikaje kwa miongo yote hii. Tuliomba vipimo vyetu viingie humo. Wakamtuma mkaguzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu hivi, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akiinama. Alinisalimia shikamoo kabla ya kumsalimia Mkuu wa maabara. Nikampenda papo hapo, na nikajutia upendo huo kabla ya saa nne asubuhi.

Alituketisha kwenye chumba cha mikutano, akawasha kompyuta yake, akatuonyesha vipimo vyetu vyote vikiwa nukta nyeusi ukutani. Sikuwahi kuviona vyote kwa pamoja vikubwa namna ile. Nukta karibu mia tatu, na kila moja nimeinyanyua kwa mikono hii. Zilikuwa zinashuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikataka kulia kwa raha.

"Hapa," mkaguzi akasema, akaweka kidole katikati ya mwaka wa nane.

Nukta zilikuwa zimeruka juu. Zilikaa huko juu kwa muda, kisha zikaanguka tena na kuendelea na safari yao.

"Kwa miezi kumi na minne bahari yenu ilipona," akasema. "Halafu ikaugua tena. Bahari haifanyi hivyo. Hiki kilichoruka ni sawa na uchachu wa miaka kumi kufutika ndani ya mwezi mmoja."

Mkuu akakohoa. Huyu Mkuu nilimpokea akiwa mwanafunzi, mimi ndiye niliyemfundisha kupaka grisi kwenye kizibo, na tukiwa wawili namwita mwanangu. Mbele ya wageni ni Mkuu. "Hiyo itakuwa mashine," akasema. "Wakati ule tulikuwa na ile ya zamani. Ilikuwa na visa vyake."

"Mashine hiyo mliitumia kuanzia lini hadi lini?"

"Tangu mwanzo. Tuliibadilisha mwisho wa mwaka wa kumi."

Mkaguzi akasukuma miwani yake juu. "Basi kama mashine haikuwa ya kuaminika, siwezi kuchukua chochote ilichosoma. Nitaanzia mwaka wa kumi na moja. Poleni sana. Kitabu kinafungwa baada ya wiki nne."

Miaka kumi ya mwanzo! Vipimo vya jana unaweza kuvirudia kesho, lakini maji ya miaka ile yalishakwenda zake, hakuna mtungi utakaoyafikia. Ukiikata ile kumi, mteremko wetu unabaki nusu, na upande wetu wa dunia unabaki na pengo ambalo hakuna mtu mwingine wa kuliziba, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anachota.

Na mimi nilijua kuwa mashine haikuwa na kosa lolote. Nilijua tangu kidole chake kilipogusa ukuta.

Ngoja niseme kinagaubaga. Chupa ya maji ya vipimo haijazwi pomoni. Unaacha nafasi ndogo chini ya kizibo, kama upana wa kidole. Ndivyo nilivyofundishwa na mkuu wetu wa kwanza, aliyestaafu zamani. Lakini mwaka wa nane nilikuwa nimeshaota pembe. Nilisikia kwenye semina moja kuwa hewa inaharibu sampuli, nikajiambia, ikiwa hewa ni adui, kwa nini nimwachie hata chumba kimoja? Nikaanza kuzijaza hadi ukingoni, maji yafurike, ndipo nizibe. Sikumuuliza mtu. Nilijiona mjuaji, hata nikawa nawahurumia wale wa vituo vingine wanaoacha nafasi.

Miezi kumi na minne baadaye, kizibo kimoja kikaruka chenyewe rafuni mbele ya mkuu wetu huyo wa kwanza. Akanieleza bila ukali: maji yanatoka chini yakiwa baridi, yakipata joto la chumba yanavimba, na yakikosa pa kuvimbia yanasukuma kizibo. Kizibo kikilegea hata kwa unywele, ile gesi inayoleta uchachu inatoroka taratibu, na chupa zetu zilikuwa zinakaa wiki mbili kabla ya kupimwa. Akadhani ni chupa ile moja tu. Nami nikamwacha adhani hivyo. Nikarudi kuacha nafasi, nikanyamaza miaka kumi na mitano.

Saa ya chakula nikaenda dukani kwa mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, na huwatania wateja wake kwamba mkewe aliolewa na chupa kwanza. Nilimkuta na suruali ya mtu magotini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Sasa Mkuu wako anasemaje?"

"Anasema mashine. Ananifunika. Nadhani ameshahisi."

"Na ukisema ni wewe?"

"Nitaaibika mbele ya dunia, maana kitabu ni cha dunia. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Wangeniaga kwa keki, sasa wataniaga kwa minong'ono."

Alikata uzi kwa meno. "Mimi nikikosea kukata kitambaa cha mtu, nikamwambia ni mkasi, ananiuliza, na suruali nyingine zote ulizokata kwa mkasi huo je? Hapo nimekwisha. Bora niseme ni mkono wangu, siku ile, kitambaa kile. Zile nyingine anazivaa kwa amani."

"Wewe unaongelea suruali."

"Na wewe unaongelea chupa. Nenda mama, utachelewa."

Nikajikaza kisabuni, nikarudi. Nilipitia kabatini nikachukua daftari la mwaka wa nane na la mwaka wa tisa. Mkuu alinikuta kwenye korido, akayaona mikononi mwangu, akaelewa.

"Mama, hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Tuseme mashine. Hakuna atakayekugusa."

"Na miaka kumi je?"

"Tutabaki na kumi na minne. Inatosha."

"Inamtosha nani? Nilikufundisha hivyo mimi?"

Nikampita.

Nilimwekea mkaguzi madaftari mezani na kumfungulia kurasa mbili. Kwenye wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya bluu: kuanzia leo jaza kamili. Kwenye wa pili: kuanzia leo acha nafasi. Tarehe za kurasa hizo na za nukta zake zilizoruka zilikuwa zilezile, mwezi kwa mwezi.

"Mashine ilikuwa nzima," nikasema. "Mkosaji ni mimi. Nilijifanya najua kuliko walionifundisha, na nilipojua kosa nikanyamaza. Miezi hiyo kumi na minne itupe. Iliyobaki ni safi, na nitaitetea hadi nife."

Alisoma kurasa zile kwa muda mrefu. Nilitegemea anikemee. Badala yake akasema, "Nakuamini, Mama. Lakini kitabuni siwezi kuandika kwamba nakuamini. Nahitaji kuona kosa hilo likitokea tena."

"Utaliona," nikasema.

Kesho yake tukaenda naye baharini. Tulichota maji ya kina kilekile, na Mkuu ndiye aliyejaza chupa kumi na mbili, sita pomoni, sita kwa nafasi. Nilimwomba mwenyewe anigeuzie mgongo nisione. Mkaguzi akazifunika shingo na vizibo kwa karatasi, akaandika namba, akabaki na orodha ya ipi ni ipi. Alitapika mara tatu njiani, na Nahodha akamwambia karibu kazini.

Wiki mbili zile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Rafu ile nilikuwa naipita nikitazama pembeni. Siku ya kumi na nne nikawasha mashine, nikaziweka chupa kwenye beseni la maji ya joto moja, nikapima moja baada ya nyingine, kila moja mara tatu. Nilifuata utaratibu neno kwa neno, na hilo naomba liandikwe mahali. Nilimtumia mkaguzi namba kumi na mbili bila kuongeza neno.

Simu yake ilikuja baada ya robo saa. Mkuu akaiweka mezani ili wote tusikie.

"Chupa sita zimesoma juu," akasema. "Ni zile sita zilizojazwa pomoni. Na zimepanda kwa kiasi kilekile cha mwaka wa nane, karibu sana. Miaka yote ishirini na minne inaingia, Mama. Nukta zile kumi na nne zitachorwa kwa duara tupu, zisihesabiwe. Chini yake nataka niandike sababu. Nikupe nafasi uiandike wewe, au niseme tu hitilafu ya kibinadamu?"

"Binadamu yupi?" nikamuuliza. "Andika: mpimaji alijaza chupa hadi ukingoni, kinyume cha utaratibu, akaficha, kisha akasema. Weka na picha ya kizibo ili watu waelewe."

Mkuu aliinama akishika paji la uso. Nilidhani ameona aibu. Kumbe alikuwa analia, mtu mzima yule, nikamtolea leso.

Kitabu kikatoka. Mteremko wetu umo, ukurasa mzima, mrefu kuliko yote ya upande wetu wa dunia. Nikaupeleka dukani, mume wangu akawaonyesha wateja duara zangu tupu kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Nilimwambia aache. Hakuacha, na ukweli sikutaka aache.

Mwezi uliofuata ikaja barua pepe kutoka kituo kilicho upande wa pili wa dunia, kwenye bahari baridi nisiyotarajia kuiona kamwe. Mkuu ndiye aliyetusomea, akitafsiri polepole. Mwandishi alikuwa mpimaji kama mimi, amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alisema kwao pia bahari iliwahi kupona ghafla. Walilaumu mashine, wakaitupa miaka sita. Baada ya kusoma maelezo yangu alifungua madaftari yao usiku huohuo, na hakuwa na haja ya kutafuta sana, kwa sababu alikumbuka vizuri nani alikuwa anajaza chupa. Amemwambia mkubwa wake. Miaka yao sita imerudishwa.

Nilimwomba Mkuu arudie sentensi ya mwisho, akairudia. Nimezaa watoto watatu na kuwasomesha wote, na nimewashangilia wote wakipokea vyeti vyao. Lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia ile miaka sita ya watu nisiowajua.