Mapezi ya Pembetatu

Enid Thackray alikuwa ameharibu ndege mbili nzima ili apate moja, na hakujuta hata chembe. Boksi la kwanza lilikuwa na Halifax ya plastiki ya kuunganisha vipande, mfano wa ile ndege kubwa ya mabomu, lakini ya miaka ya mwisho ya vita: injini nene za mviringo, mapezi ya mkia ya mraba. Enid alitaka ya mwanzo. Basi akaukata mkia kwa kisu, akachonga mapezi mapya ya pembetatu, na zile injini akazing'oa akatia nyingine alizozitoa kwenye boksi la Lancaster, ile ndege nyingine ya mabomu inayosifiwa na kila mtu. Majira yote ya baridi jikoni kwake kulinuka gundi, na mezani hapakuwa na pa kuweka sahani.

Yote hayo kwa ajili ya kaka yake, Wilf. Vitani Wilf aliruka na zile za mwanzo, akikaa peke yake mkiani na bunduki zake. Miaka nenda miaka rudi, kila ndege ambayo Enid alimtengenezea aliitazama mara moja tu, akasema, "Nzuri. Ila siyo yangu." Hivi mtu kama huyo si wa kumwagia chai! Sasa hii hapa karibu inakamilika, na macho ya Wilf yamepofuka kabla haijapakwa rangi. Enid alilia jikoni peke yake, akapiga chafya kwa vumbi la msasa, akaendelea na kazi.

Siku ya mashindano ya chama cha waunda ndege za mfano, ukumbi wa kijiji ulijaa wazee wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wenye sweta. Enid alimwongoza kaka yake mpaka mezani.

"Hiyo hapo mbele yako," alisema.

"Nipe niishike."

Wote waliokuwa mezani wakageuka. Kwa watu hawa unaweza kumtukana mtu hadharani na kesho mkanywa bia pamoja, lakini kuigusa ndege yake mezani, thubutu! Unatazama mikono ikiwa nyuma. Tena mwamuzi, Bwana Ruddle, alikuwa bado yuko meza ya pili na tochi yake.

"Usikubali, bibie," alinong'ona Percy, jirani yake wa meza. "Waya wa redio utakatika. Na kikombe mwaka huu ni chako, kila mtu anajua."

Enid aliutazama ule waya uliotandazwa mgongoni mwa ndege. Aliuvuta mwenyewe kwa kuyeyusha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, mwembamba kama unywele. Kisha akaitwaa ndege na kuiweka viganjani mwa Wilf.

Vidole vya Wilf vikaanzia kwenye pua ya ndege, vikapita kwenye mbawa. "Injini hizi umetoa wapi?"

"Kwenye Lancaster."

"Ahaa! Hatimaye Lancaster imefanya kazi ya maana."

Wazee wakaangua kicheko, maana walishachoka kusikia Lancaster ikisifiwa peke yake. Vidole vikasonga nyuma. Waya ukakatika, na Percy akafumba macho. Wilf hakujua. Alikuwa amefika kwenye mapezi, akiyapapasa pembe kwa pembe, akirudia.

"Haya ndiyo yaliyokuwa yakimtoa jasho rubani wetu," alisema. "Yakigoma, yamegoma. Tulikuwa tunamsikia akiyatukana mpaka tunatua." Akavuta pumzi. "Enid, hii ni yangu."

Enid alijaa fahari. Alisimama tu pale, mrefu kuliko siku zote, na wote wakamwona.

Ndipo Bwana Ruddle akafika, akamulika tochi. "Waya umekatika, Bi Thackray. Itanibidi nipunguze alama."

"Punguza," alisema Enid. "Punguza zote ukitaka."

Wilf akageuza kichwa kufuata sauti ile. "Huyu nani?"

"Mimi ndiye mwamuzi, bwana."

"Pole sana," alisema Wilf, akiikumbatia ndege kifuani. "Umechelewa. Nimeshaamua mimi."