Machicha ya Dawa Mlangoni

Mzee Pang alilima tianma, kiazi cha dawa kiotacho kwenye magogo yanayooza huko milima ya Zhaotong, na kwa kiazi hicho humwambii kitu. Ndicho kilichomsomesha bintiye Wenxiu hadi akawa nesi mjini. Basi mkewe, Mama Suiyun, aliposhikwa na kizunguzungu, mzee alimpikia kiazi na kuku, akamchemshia na miti mingine ya dawa, na machicha yake akayamwaga njiani, mbele ya mlango. Ndiyo mila ya huko: wapita njia wayakanyage, waondoke na ugonjwa.

Wenxiu akampima mama presha. Ikamtisha, akaleta vidonge.

"Na kiazi changu?" baba akauliza, mishipa ya shingo imemtoka.

"Anywe tu, baba. Wataalamu wamekipima, ila majaribio yenyewe madogo, mengi ya ovyo. Huenda kinatuliza kizunguzungu, huenda hakitulizi. Presha hii inataka vidonge."

"Huenda, huenda! Mtoto wa juzi! Huenda hiyohiyo ndiyo iliyokulipia karo."

"Na vidonge vyako havina huenda?" mama akachokoza, akicheka.

Wenxiu hakujua kusema uongo. "Siku za mwanzo huenda vikaongeza kizunguzungu kidogo. Lakini usiviache, mama. Nakuomba."

"Siviachi, mwanangu."

Kila Jumapili alipokuja, Wenxiu aliyakuta machicha mlangoni, akayazunguka. Msomi mzima! Mila ile aliicheka, lakini mguu ulikataa. Akitoa kipimo cha presha, mama humsukumia bakuli: "Hebu niache, sijambo. Kula kwanza."

Asubuhi moja baba akapiga simu: mama ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Wenxiu alikuja mbio, na safari hii hakuzunguka kitu. Kitu kikavunjika chini ya kiatu chake. Akatazama: katikati ya vipande vya kiazi, vidonge vyeupe, kimoja kimepondeka.

Ndani, mama alikuwa ameshakata roho.

"Baba, alikuwa akivitupa?"

"Alivificha kwenye machicha, ili usiudhike." Mzee hakuinua macho. "Ulisema vinaongeza kizunguzungu. Nami nikamwambia, basi acha, mtoto mwenyewe kasema."

Wenxiu akarudi mlangoni. Akayakanyaga machicha yale kwa miguu yote miwili, akilia kwa sauti, akayasaga mpaka yakawa tope.

Baba akamshika mkono. "Basi, mwanangu. Hana tena ugonjwa."