Mtetezi wa Makabwela, Kitanda cha Juu

Mrumi alihamia chumba cha akina Omondi mwezi wa Agosti, kambi ya Industrial Area, pale Doha, baada ya Mnepali wa kitanda cha juu kuhamishwa. Alikuja na ndoo, kandambili, na shuka jeupe alilolitupia begani. Alisema anaitwa Numerio, amekufa zamani kidogo, na kwao Roma alikuwa mtetezi wa makabwela. Omondi akamwonyesha msumari wa kutundikia taulo.

Taabu yake ilikuwa mlango. Kwao mtetezi hafungi mlango usiku wala mchana, ili kabwela mwenye shida aingie. Na kiyoyozi kilikuwa kimoja.

"Mzee, funga basi, ubaridi watoka!" alilalamika Vuai, dereva wa Unguja.

"Mwenye shida aingie," alijibu Numerio.

"Nshaingia! Shida yenyewe ndiyo wewe!"

Omondi alikuwa na shida ya kweli. Jumamosi ilikuwa harusi yake na Phoebe, Kisumu. Ng'ombe walishapelekwa, hema lilishakodiwa. Lakini hutoki Qatar bila ruhusa ya tajiri wako, na mudiri, meneja wa kampuni, alikuwa ameikalia. Kila siku, kesho. Phoebe alikuwa ameacha kuuliza anakuja lini, sasa anauliza kama anakuja.

Numerio alimsikiliza huku akijikuna mgongo. "Siwezi kumwamuru mtu," alisema. "Kazi yangu ni kukataza tu."

Asubuhi alisimama mbele ya basi la kampuni. "Nakataza," akasema. Injini ikazima. Fundi akafungua boneti, hakuona kasoro, akaifunga. Kule Muaither, kwenye majumba waliyokuwa wakijenga, saruji iligoma kushika. Watu wakarudi vyumbani, wakafua, wakacheza karata.

Jumatano mudiri akaja mwenyewe, akaketi kitandani kwa Omondi, akanywa chai ya Omondi.

"Rafiki, ruhusa yako kesho."

"Leo," alisema Numerio.

Mudiri hakuwa mjinga. Akaulizia kama kambini kuna Mrumi mwingine. Alikuwepo: Gayo, wa chumba cha wapishi, naye mtetezi wa makabwela. Sheria yao ilikuwa kwamba mtetezi mmoja akikataza, mwenzake anaweza kumkatazia. Gayo akapewa chumba cha peke yake, chenye kiyoyozi kisichopiga kelele. Alhamisi alfajiri alitoka amenyoa vizuri, akasema neno lake, basi likawaka.

"Hata kwetu ilikuwa hivi hivi," Numerio alimwambia Omondi wakipanda. "Wakubwa hawakukosa kumpata mmoja wetu."

"Mkafanyaje?"

"Tukachagua wengine."

"Na hao?"

"Wakapewa vyumba."

Jumamosi, saa ya harusi kanisani, Omondi alikuwa Muaither juu ya jukwaa akipiga lipu. Numerio, ambaye sasa naye alikuwa na kofia ya kazi, alikuwa akimpandishia ndoo. Simu ya video ikaita. Ilikuwa Phoebe, amevaa gauni la harusi.

"Nipe huyo mzee wako uliyenisimulia," alisema.

Numerio alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akarudisha simu kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Amesema nini?"

"Amekataza harusi."

Omondi alimtazama. "Si umwite Gayo amkatazie?"

"Yule hana mwenzake," alisema Numerio, akashuka kuchota lipu nyingine.