Mchoro Uliovimba

Saa moja asubuhi, Jumanne ya wiki ya tatu ya mvua, ukuta uliochorwa ndani ya mchoro ulikuwa umepinda.

Godelive aliuona akifuta vumbi. Ulikuwa mchoro wa rangi za maji, wa karibu miaka mia mbili, wa sebule ya jumba fulani la Ulaya: viti vya buluu, pazia lililosukumwa na upepo, mtu hakuna. Mzee Pascal, mwalimu mstaafu wa Bukavu aliyemwajiri kazi za nyumbani hapa ugenini, mtaa wa Morningside, alipata kumweleza kwamba wenye majumba walichoresha vyumba vyao ili wavikumbuke baada ya kuvipoteza. Jana mistari ilikuwa imenyooka. Leo karatasi ilikuwa imevimba chini ya kioo, na ukuta ulitoa tumbo nyuma ya viti.

Mzee hakupandisha sauti. Alitazama mchoro, kisha ndoo ya deki.

"Mama Sonia, hii karatasi imekunywa maji. Na maji iko wapi humu, kama si kwa ndoo yako?"

"Papa, sijaugusa."

"Ikiharibika zaidi, utatafuta kwingine. Wewe na mtoto."

Kwingine hakukuwa. Yeye na Sonia, binti yake wa miaka sita, walilala upande wa pili wa ukuta wa sebule uliotundikwa mchoro, na kitanda cha mtoto kiliugusa. Bomba la kuteremsha maji ya paa lilipita ndani ya ukuta huo. Hilo walilijua wote watatu, na hakuna aliyelifikiria.

Mzee alipotoka, Godelive aliuhamishia mchoro kwenye ukuta wa korido, karibu na jiko. Kufikia Alhamisi karatasi ilikuwa imenyooka. Mzee aliridhika, akatania kwamba ndoo imeshika adabu. Godelive alicheka naye.

Ijumaa Sonia alisema shuka lake lina ubaridi upande wa ukuta. Mama yake alidhani amekojoa. Akamkaripia, akatandika shuka jingine.

Jumamosi asubuhi, akifagia sebule, alikuta sakafuni msumari wa zamani wa mchoro, umeng'oka na kipande cha lipu. Akainua macho. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Tumbo lenyewe alikuwa ameliona tangu Jumanne, nyuma ya viti vya buluu.

Fagio aliliacha palepale. Sonia alikuwa bado usingizini. Alimbeba pamoja na shuka. Mzee Pascal alisimama koridoni na kikombe chake, akauliza kuna nini.

"Toka nje, Papa. Ni ukuta."

Alimtazama kidogo, kisha akamfuata.

Walikuwa uani, kwenye mvua, ukuta ulipoteleza kwa chini upande wa sebule, na nusu yake ya juu ikalala juu ya kitanda cha Sonia.