Mtoto Huhesabika kwa Mama

Mjomba Sipriani alianza kuniletea biskuti siku chache kabla ya kikao, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa.

Si mchoyo. Ni kaka yake mama, tumbo moja, na tangu mama alipotutoka ndiye aliyesimama badala yake. Lakini Mjomba huleta muhogo, huleta kunde, huleta na maneno makali kuhusu paa langu linalovuja. Biskuti za pakiti haleti. Safari hii aliingia uani, akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akampakata Ismael na kumfungulia pakiti mwenyewe.

"Huyu bwana mdogo anaendeleaje?"

"Hajambo, Mjomba. Mwezi huu hakuumwa kabisa."

"Basi Jumapili usihangaike kuja kikaoni, mwanangu. Kaa naye apumzike. Ni mambo madogomadogo tu. Rangi ya bajaji, chai ya msibani, ndiyo hayo."

Mwenyekiti wa chama anakuambia usije kwenye kikao cha chama. Nilimtazama mwanangu akila biskuti.

Ismael ana seli mundu, ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika, analia kwa sauti ambayo si ya mtoto wa miaka minne, na kutoka kwetu Mitwero mpaka hospitali si mwendo wa kumbeba mgongoni huku anapiga kelele hivyo. Chama chetu cha kuuguzana na kuzikana kina bajaji moja. Ukipiga simu, Nassibu dereva anakuja, mvua au jua. Sharti ni kwamba mgonjwa awe anahesabika chamani, na mwanangu anahesabika kwa sababu ya sentensi moja tu, ile ya kwanza katika katiba ya chama: mtoto huhesabika kwa mama yake.

Waanzilishi wetu walikuwa wa pande mbili, watu walioteremka kutoka Rondo na watu waliotoka Kilwa. Sisi wa Rondo ukoo tunaufuata kwa mama, na hatukuona ajabu kuandika hivyo. Wenzetu wa Kilwa walicheka, kisha wakakubali, kwa sharti kwamba jambo la msingi lisibadilishwe mpaka theluthi mbili za kila upande zikubali. Baba yake Ismael yuko Dar, namba yake ya simu haipatikani, na mwanachama hajawahi kuwa. Ondoa sentensi ile, na mwanangu hana pa kuhesabiwa.

Kesho yake nilikutana na Nassibu akiosha bajaji. Yeye ni wa Kilwa, mimi wa Rondo, na mtaani kwetu hao ni watani.

"Mama Ismael!" akapaza sauti. "Pandeni pandeni sasa hivi, maana mbele ya safari watapanda watoto wenye baba tu!"

Wanawake waliokuwa bombani wakacheka. Nami nikacheka, maana mtani humkasirikii.

"Na wewe baba yako nani, mbona umefanana na nguru?" nikamjibu, wakazidi kucheka.

Lakini nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Nani alimwambia hayo ya watoto wenye baba? Utani nao una mahali ulipoanzia. Na ukitaka kusema neno zito bila kuulizwa, utalisemea wapi pazuri zaidi kuliko kwenye utani?

Kuanzia hapo kila kitu nilikiona kwa jicho la pembeni. Nilimwona Mjomba akitoka dukani kwa Bi Nasim kwa mlango wa uani. Bi Nasim ni wa familia ya Kihindi iliyofungua duka Kilwa kabla hata babu yangu hajazaliwa, na chamani ndiye msemaji wa upande wa Kilwa. Nilipoingia kununua sabuni aliniongezea njugu bila kuombwa. Biskuti kule, njugu huku. Nikajua wameshaongea, na wameongea juu yangu.

Jioni nilikwenda darasani. Tunasoma elimu ya watu wazima kwenye shule ya msingi, wengi wetu ni akina mama, na Ismael hulala kwenye khanga chini ya dawati. Mwalimu Helena alikuwa bado yupo kwenye Katiba ya nchi. Wiki iliyopita alitufundisha misingi yake, uhuru, haki, udugu na amani, na kwamba mamlaka yote yanatoka kwa wananchi. Siku hiyo akafika kwenye mabadiliko.

"Bunge linaweza kubadilisha Katiba kwa theluthi mbili za wabunge," alisema. "Ila yapo mambo ambayo hiyo haitoshi. Yanayogusa Muungano wenyewe, kwa mfano. Hapo zinatakiwa theluthi mbili za wabunge wa Bara peke yao, na theluthi mbili za wa Zanzibar peke yao. Kwa nini?"

"Ili mkubwa asimmeze mdogo," nikasema.

"Haswa."

Nilinyoosha tena mkono. "Mwalimu, mtu akitaka kubadilisha, nitajuaje kama ana nia mbaya?"

Akafikiri kidogo. "Nia yake huwezi kuiona, Lusia. Tazama kazi ya sentensi mpya. Inaongeza watu ndani, au inawatoa?"

Jumapili nikamvalisha Ismael shati la kanisani, tukaenda kikaoni.

Kikao hufanyika chekechea, na watu wazima wote hukaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Mjomba aliponiona mlangoni alisita katikati ya salamu. Nyuma kabisa alikaa mkewe, Rosalia, mwanamke wa Songea asiyesema sana. Si wa Rondo wala wa Kilwa, hivyo si mwanachama, huja kusaidia chai. Alikuwa amempakata binti yao mdogo, Bertha.

Mjomba akasoma mapendekezo kwa haraka. Bajaji ipakwe rangi ya bluu. Msibani kuwe na chai na uji. Kikao kisogezwe kiwe baada ya swala ya alasiri. Na mtoto ahesabike kwa baba yake. "Basi, ndugu wajumbe, ni mambo ya kuboresha tu. Tuyapitishe kwa pamoja, tuokoe muda. Wanaokubali wanyooshe—"

"Mjomba, samahani."

Nilisimama. Kiti kilinasa kwenye sketi kikasimama nami, na Nassibu akacheka. Nikakichomoa.

"Rangi ya bajaji nakubali. Uji nakubali. Lakini hilo la mwisho si rangi. Tulipige kura peke yake. Na kwa kuwa ni jambo la msingi, kila upande upige peke yake, kama waanzilishi walivyoweka."

"Mwanangu, hapa si bungeni Dodoma."

"Ndiyo, ila waliotuandikia waliiga kule. Na ikipita hivyo ulivyosoma, Ismael akishikwa na maumivu kesho, Nassibu atamchukua?"

Mjomba akakunja karatasi, akaikunjua. Nikageuka kwa Bi Nasim, maana hasira yangu ilikuwa kwake zaidi. "Na wewe Bi Nasim, shikamoo yako naitoa kila siku. Ulishindwa hata kuniambia?"

"Marahaba," alijibu taratibu, kana kwamba nimemsalimia kwa wema. "Alinijia ili upande wetu tumuunge mkono. Nikamwambia, wallahi, Sipriani, kaongee kwanza na mpwa wako. Nilidhani ameongea. Sipriani, hukuongea naye?"

"Nilimpelekea biskuti," Mjomba akasema.

Watu waliangua kicheko, hata mimi kidogo, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Mwezi uliopita Bertha alipata homa kali, akawa anatetemeka," akasema. "Nilimpigia Nassibu, kisha nikakata simu kabla hajapokea. Mama yake si mwanachama, mtoto huhesabika kwa mama. Sentensi ile nilikuwepo inaandikwa, niliipigia makofi. Wakati ule nani alikuwa ameoa Songea? Nikampakia mtoto kwenye baiskeli, mimi, mwenyekiti."

"Si ungesema!" Nassibu alifoka. "Ningekuja tu."

"Ungekuja kwa hisani. Na kesho angekuja mwingine kwa hisani, kisha mwingine angenyimwa."

Rosalia aliinamisha uso kwenye nywele za binti yake. Nami nilisimama pale, hasira ikinitoka bila ruhusa yangu. Nilimtazama Bertha, kisha Ismael. Ismael alikuwa ameshamfuata kule nyuma, wanagombea kipande cha chaki.

Bado sikumwamini Mjomba. Mtu mwenye shida ya kweli naye anaweza kukutoa ndani ili aingie wake, na alikuwa karibu kufanya hivyo. Lakini swali la Mwalimu lilikuwa kichwani.

"Naomba kubadilisha badiliko," nikasema. "Isomeke hivi: mtoto huhesabika kwa mama yake au kwa baba yake, yeyote aliye mwanachama. Hatoki mtu."

Upande wa Rondo ukapiga kura kwanza. Mikono ilinyooka, wa Mjomba ukiwa wa mwisho na mzito. Ukaja upande wa Kilwa. Bi Nasim alinyoosha, wengine wakafuata, na wengine wakakaa mikono mapajani. Tukahesabu. Ulipungua mkono mmoja kufika theluthi mbili.

Nassibu alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Mimi niliambiwa nimefanana na nguru," akasema akitazama dari.

Sikujua kama ni utani, na siku ile sikuwa tayari kuhatarisha. "Nassibu," nikasema, "nguru ni samaki wa heshima. Kila mtu anamtaka."

"Eeh, hapo sasa!" Akanyoosha mikono yote miwili.

"Mmoja tu," Bi Nasim akamkaripia.

Watu walianza kuinuka, wakikokota viti vidogo, chai inamiminwa. Mjomba akaandika sentensi mpya, akaja kwangu na mkono wazi, macho yamelowa kidogo.

Mkono niliupokea. Kisha nikakaa tena kwenye kile kiti, nikampakata mwanangu.

"Isome kwanza, Mjomba," nikasema. "Kwa sauti, watu wote wasikie. Na taratibu."