Buti za Sabiti

Mwaka 1983, chuo kilipofunga kwa likizo ndefu, mdogo wangu Sabiti alifika nyumbani kwetu Kambarage na barua mbili mfukoni. Ya kwanza ilitoka ofisi moja ya utafiti wa madini kule Geita: walikuwa tayari kumpokea kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu, bila posho. Ya pili ilikuwa karatasi ya daftari kutoka kwa mzee Mihayo, rafiki wa marehemu baba, mchimbaji wa siku nyingi. Alisema kwenye shimo lake, huko huko Geita, kulikuwa na nafasi ya kibarua.

Sabiti alitaka kibarua. "Dada Zuwena, kule ofisini nitashika rula na kuwapelekea watu chai," akasema. "Kwa mzee Mihayo nitaujua mwamba kwa mikono yangu. Na nitarudi na chochote cha kumnunulia mama dawa."

Nikachachamaa. Mimi ni fundi cherehani, kiuno kilikuwa kimekufa ganzi kwa kumsomesha, na sikuwa tayari kumwona akirudi na matope hadi kwenye nyusi. Nikamwambia vibarua wamejaa mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyehitaji chuo ili apewe sururu. Mama alikuwa akitusikiliza kitandani. Katika nyumba ile neno la mwisho lilikuwa langu, na nililipenda mno, siwezi kudanganya.

Nikaenda kwa Bi Khairunisa, mwenye duka mjini. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya kujuana, sembuse viatu. Nikawashonea binti zake nguo za Idi, naye akanitolea chini ya kaunta jozi ya buti nyeusi za ngozi. Siku ya safari nilimfunga Sabiti kamba za buti mwenyewe, mafundo mawili, kama nilivyomfunga siku yake ya kwanza ya shule.

"Usizivue ovyo," nikamwambia. "Huko wanatembea na katambuga za matairi. Wakiona buti watajua wewe ni mtaalamu, hawatakuchanganya na wao."

"Sawa, bosi," akasema, akicheka, akapanda basi.

Barua yake moja tu ndiyo iliyofika. Aliandika kwamba anachora ramani, na kwamba mkuu wake ameanza kumtuma peke yake kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kuchukua vipande vya mwamba. Niliwasomea barua ile wateja wangu wote, hata waliokuja kupunguza gauni tu.

Wiki ya sita mzee Mihayo alikuja na lori la pamba, na Sabiti akiwa nyuma, amefungwa kwenye turubai.

Walipokwisha kumwingiza ndani, mzee alivua katambuga zake mlangoni, akaketi sakafuni. Nikamwamkia shikamoo, maana mdomo ulikuwa umezoea.

"Marahaba, mayu, mama yangu," akajibu, bila kuniangalia. "Kwetu, kila anayeshuka shimoni anaacha katambuga zake mdomoni pa shimo. Kabla ya kuwasha baruti tunatazama pale. Zikiwapo, kuna mtu chini. Zisipokuwapo, tunawasha. Kibarua anafundishwa hilo siku ya kwanza, hata sururu hajashika."

"Na Sabiti?"

"Ofisini hawalijui. Tulikuwa tumeshatega baruti, tukatoka kwenda kula. Huku nyuma yeye akafika, akashuka na nyundo yake kwenye njia ya pembeni. Tuliporudi, mdomoni hapakuwa na kitu." Akafuta uso kwa kiganja. "Utambi niliwasha mimi."

Nilitaka kumrukia nimpasue uso. Nikashindwa, kwa sababu nilijua buti zile zilikotoka na aliyekataza zisivuliwe. Mama naye alikuwa anajua. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kwa hilo sijamsamehe mpaka leo.

Kabla wanaume hawajaanza kumwosha, niliomba nimvue viatu. Uso walikuwa wameufunika, wakanikataza kuufunua. Miguu ilikuwa mizima. Kamba alikuwa amezifunga mafundo mawili, kama nilivyomfunga mimi, yamekaza kwa vumbi la mwamba, vidole vikashindwa, nikayafungua kwa meno.

Nikatoka nazo. Mlangoni viatu vya majirani vilikuwa vimejaa, ndala, makubazi, viatu vya shule vya binti wa Bi Mwahija. Nikaziweka buti pale, kando ya katambuga za mzee Mihayo. Jirani mmoja akainama kuzisogeza ili apate njia.

Nikamwambia aziache hapo hapo, Sabiti yumo ndani.